Majibu Yanapokuja Nusu: Somo la Kipofu wa Bethsaida



Vijana wenzangu, somo letu leo ni Marko 8:22–26. Ni aya tano tu. Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako uzisome polepole, halafu urudi hapa. Nakusubiri. Siku hizi kusubiri ndiyo kazi yangu.

Umesoma? Kipofu analetwa kwa Yesu pale Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona chochote. Mtu yule anajibu kwamba anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Yesu anamwekea mikono tena, na hapo ndipo anaona kila kitu waziwazi.

Nimeisikia Injili hii mara nyingi, na kila mara nilikimbilia mwisho, pale anapoona vizuri. Mwaka huu nimelazimika kukaa katikati, baada ya mguso wa kwanza na kabla ya mguso wa pili. Nataka niwashirikishe nilichojifunza pale, maana najua wengi wenu mko palepale kwa sababu tofauti: majibu ya hospitali, matokeo ya mtihani, kesi ya nyumbani, wito usioeleweka.

Ilivyoanza

Mimi ni frateri. Nimemaliza shahada ya falsafa na mwaka wa uchungaji, na Mungu akipenda nitaanza teolojia. Nyumbani ni Somanga, wilaya ya Kilwa. Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Lindi au Mtwara, unapajua. Basi likisimama tu, watu wanakimbilia madirishani na pweza, samaki wa kukaanga, mihogo na maji baridi. Katika kelele hizo kuna sauti ya mama yangu na beseni lake la chapati. Chapati hizo ndizo zilizonilipia ada.

Tangu mwaka wa pili wa falsafa tumbo langu halikutulia. Linajaa, linaunguruma, naharisha wiki moja, wiki inayofuata nipo sawa. Uchovu nao ukaja, wa kulala saa nane na kuamka kama sijalala. Nikatibiwa amiba. Nikatibiwa taifodi. Nikatibiwa amiba tena. Damu ikawa pungufu, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, ikapanda, ikashuka tena.

Mwezi wa pili mwaka 2024, daktari mmoja kijana aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: “Frateri, asubuhi huwa unakula nini?” Nikamwambia: mkate, au maandazi, au chapati. Akaandika. Damu yangu ikapelekwa maabara Dar es Salaam, na baada ya wiki mbili majibu yakarudi. Kipimo cha kwanza kilikuwa juu kidogo ya kiwango cha kawaida. Cha pili, cha kuhakikisha, kilikuwa hasi.

Daktari aliyatazama majibu yale muda mrefu. Akasema, “Siwezi kukuambia unao, na siwezi kukuambia huna.” Akaniandikia rufaa kwenda kwa bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula.

Ni ugonjwa gani huu?

Unaitwa ugonjwa wa seliaki. Si mzio wa kawaida. Ni kinga ya mwili inayojigeuka: mtu akila gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga yake inashambulia utumbo wake mwembamba. Ndani ya utumbo huo kuna kama vidole vidogo sana vinavyonyonya chakula. Vidole hivyo vikishambuliwa vinafupika, na mtu anakula lakini mwili haupokei.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Duniani unakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 100, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 kati ya 100 wa Wasaharawi, watu wa jangwani hapa hapa Afrika. Kwetu pwani unaweza kujificha kwa sababu vyakula vyetu vingi havina gluteni: wali, ugali wa mahindi au muhogo, viazi, mtama, ulezi, vitumbua vya mchele. Ngano inaingia kwa mlango wa chai: mkate, maandazi, chapati, sambusa, kalimati. Hata unga wa lishe mara nyingine unachanganywa ngano.

Kwa nini majibu yanakuja nusu? Kwa sababu vipimo vya damu vinatafuta alama za vita, havioni vita vyenyewe. Alama inaweza kupanda kidogo kwa sababu nyingine, kama ugonjwa wa ini au maambukizi. Inaweza pia kukosekana wakati ugonjwa upo, kwa mfano kwa mtu ambaye mwili wake hautengenezi kingamwili ya aina inayopimwa, au aliyekwisha kupunguza ngano. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sawa, lakini si kila wingu linanyesha. Ndiyo maana bingwa huingiza kamera tumboni kwa mpira mwembamba na kuchukua vipande vidogo vya utumbo ili vitazamwe kwa hadubini.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hukosea, kwa hiyo lisome mara mbili: usiache ngano kabla vipimo havijakamilika. Ukiiacha, utumbo unaanza kupona, alama zinashuka, na kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Miongozo ya afya ya Uingereza inataka mtu anayepimwa awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo. Kama inakuumiza kupita kiasi, mwambie daktari wako. Usiamue peke yako.

Yaani mpaka leo nakula kila siku kitu ambacho huenda kinaniumiza, ili ijulikane kama kinaniumiza.

Kwa nini kwangu ni ngoma nzito

Umeshaona ninakokwenda. Hostia ni ngano.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Tarehe 24 Julai 2003, Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, iliandika barua kuhusu jambo hili. Hostia isiyo na gluteni kabisa si halali kwa Misa. Hostia yenye gluteni kidogo sana ni halali, mradi imebaki ya kutosha kuufanya uwe mkate kweli, bila kuongezwa kitu kigeni. Mwaka 2017 Kongregasio ya Ibada ilikumbusha mafundisho hayohayo.

Kwa mlei, njia ipo wazi. Asiyeweza kabisa hata ile hostia ya gluteni kidogo anaweza kupokea Damu ya Kristo peke yake. Wala hapokei nusu ya Yesu. Kanisa linafundisha kwamba Kristo yupo mzima katika kila umbo, mwili, damu, roho na umungu wake. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilieleza hilo kwa kirefu, nasi darasani tulilisoma kirahisi tu, kama watu ambao halituhusu.

Kwa padre, barua ileile inakwenda mbali zaidi. Padre asiyeweza kupokea hata hostia ya gluteni kidogo hawezi kuadhimisha Misa peke yake, wala kuongoza Misa ya pamoja. Na kwa wale wanaojiandaa kwa upadre ambao hawawezi kula gluteni bila madhara makubwa, barua inasema maaskofu waendelee kwa tahadhari kubwa kabla ya kuwapa daraja.

Niliisoma sentensi hiyo usiku, kwenye simu, chumbani kwangu. Nikaisoma tena. Miaka yote hii nilidhani jambo linaloweza kunizuia kufika altareni ni dhambi au masomo. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kuwa unga.

Majaribu yangu matatu

Jaribu la kwanza lilikuwa kuyamaliza mwenyewe. Nikajiambia: kipimo cha pili ni hasi, basi sina, yameisha. Siku mbili baadaye tumbo likiuma nikajiambia: ninao, wito wangu umekufa. Katika wiki moja nilijihukumu mara nne, na kila hukumu niliiamini kabisa.

Jaribu la pili lilikuwa kumfariji mama kwa uongo. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza, kisha akauliza, “Baba'angu, ina maana ni chapati zangu?” Nikamjibu haraka, “Hapana mama, hazihusiani kabisa.” Nilijua kwamba silijui nililolisema.

La tatu ndilo linaloniaibisha zaidi. Niliamua kutomwambia gombera. Nikajenga hoja nzuri kabisa, si unajua sisi watu wa falsafa: hakuna ugonjwa uliothibitishwa, kwa hiyo hakuna cha kuripoti. Hoja ilikuwa safi. Kilichokuwa kichafu ni sababu ya kuijenga.

Wiki ya Hidaya

Miadi yangu ya bingwa ilikuwa Jumanne tarehe 7 Mei. Nikapitia Somanga siku chache kabla, niwaone wazazi, kisha nipande basi. Mnakumbuka kilichotokea. Jumamosi tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu. Mvua ilinyesha kama mbingu imetoboka, barabara kuu ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo. Mabasi yakakwama huku na huku. Miadi yangu ikapita nikiwa nimekaa barazani natazama maji.

Jumapili ile, ya 6 ya Pasaka, padre hakuweza kufika kigangoni kwetu. Tulikuwa watu wachache. Katekista akaongoza Ibada ya Neno, tukasali, tukaimba, hakukuwa na Komunyo. Nilikaa nyuma nikiwa na uchungu, nikiwaza nitaishije maisha bila kuigusa hostia. Halafu nikamtazama bibi mmoja mbele yangu, anayekuja kwa miguu kila Jumapili. Akainamisha kichwa akasali komunyo ya tamaa, kimya, bila malalamiko. Kwake, padre kutofika ni jambo la mara kwa mara: mvua, gari bovu, umbali. Amekuwa akisubiri hostia miaka mingi kabla yangu. Na hakuna hata siku moja aliyosema Yesu hayupo, wala siku aliyojifanya amempokea wakati hajampokea. Huwa anasema tu, “Leo hatujapata. Tumshukuru Mungu kwa Neno.”

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule kipofu.

Kipofu alisema kweli

Fikiria hali yake. Ametolewa nje ya kijiji na mponyaji maarufu, mikono imewekwa, anaulizwa kama anaona. Heshima tu ingetosha kumfanya aseme, “Ndiyo Bwana, naona vizuri, asante.” Angerudi nyumbani akigonga watu barabarani, lakini angekuwa amemfurahisha mgeni. Au angekata tamaa aseme, “Hakuna kitu, haijafanya kazi.” Majibu yote mawili yalikuwa rahisi, na yote mawili yalikuwa ya uongo.

Yeye alisema alichokiona, kwa kiasi alichokiona. Naona, lakini siyo vizuri. Na Yesu hakumkemea kwa imani ndogo. Jibu lile la nusu, likiwa la kweli, ndilo lililofuatwa na mkono wa pili.

Aristotle anafundisha kwamba mtu aliyelelewa vizuri katika elimu hudai uhakika kwa kiasi tu ambacho jambo lenyewe linaruhusu. Nilipata alama nzuri sana kwenye swali hilo la mtihani. Kuliishi nimejifunza kwa kipofu na kwa bibi wa kigangoni.

Jioni ile nilikaa na mama jikoni. Nikamwambia, “Mama, ile siku nilikudanganya. Sijui kama ni chapati. Huenda ndiyo, huenda siyo. Bado hatujui.” Alilia kidogo. Kisha akauliza, “Na hadi mjue, unatakiwa ule?” Nikasema ndiyo, daktari ameagiza. Akafuta macho, akasema, “Basi kesho nitakupikia ya kwako peke yake, tuifuatilie.” Mpaka leo, kila nikiwa nyumbani, ananipa asubuhi kwa uso wa nesi anayetoa dawa, na jioni ananiuliza tumbo limeamkaje. Uongo wangu ulikuwa umemwacha peke yake na hofu. Ukweli wa nusu umetuweka jiko moja.

Mtandao wa simu ulipotulia nikampigia gombera. Mkono ulitetemeka. Nikamweleza yote: kipimo cha juu kidogo, kipimo hasi, barua ya 2003, na kwamba nilitaka kuficha. Alikaa kimya, akasema, “Frateri, asante kwa kuniletea nusu. Ungesubiri mpaka uwe nayo nzima, ningeisikia kwa mtu mwingine.” Nikamuuliza kama bado nina nafasi. Akajibu, “Siwezi kukuahidi kitu, na wewe usijiahidi. Tahadhari kubwa maana yake ni kutazama vizuri. Tutatazama pamoja, ukishapimwa.” Simu ikakatika, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Miadi mpya ni mwezi wa saba. Sijui nitaambiwa nini. Sijui kama nitakuwa padre. Ninachojua ni kwamba wakati nilipojificha nilikuwa nimeshaanza kuupoteza wito, hata kama vipimo vingetoka safi.

Tufanye nini wakati wa kusubiri?

*Andika unachokiona.* Nina daftari dogo: nimekula nini, tumbo limekuwaje, nimelalaje. Bila chumvi. Daktari atalihitaji, na lenyewe linanizuia kujihukumu kila siku.

*Usijitibu kwa kukisia.* Dawa ya rafiki, mlo wa mtandaoni, mafuta ya mtu fulani: vinaweza kuifuta alama ambayo daktari anaitafuta. Lakini ukipungua uzito sana, ukiharisha mfululizo au ukiishiwa nguvu, usisubiri tarehe. Rudi hospitali.

*Mwambie mwenye haki ya kujua.* Mzazi, mlezi, mchumba, paroko. Huna haja ya kutangaza kigango kizima. Mtu mmoja au wawili wanaokubeba wanatosha.

*Usijiondoe mezani pa Bwana.* Kama tayari umethibitishwa kuwa na seliaki, zungumza na daktari wako na paroko wako mapema, siyo mlangoni Misa ikianza. Kuna hostia zenye gluteni kidogo sana. Zile zinazotengenezwa na masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, Marekani, zina takriban asilimia 0.01 tu. Na kama hata hiyo huwezi, omba Damu ya Kristo, ikiwezekana kwa kikombe cha pembeni ambacho hakikutiwa kipande cha hostia. Huombi upendeleo. Kanisa limekuwekea njia hiyo.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika jumuiya)

1. Ni jambo gani maishani mwangu ambalo majibu yake yamekuja nusu?
2. Je, huwa naikuza nusu hiyo iwe hukumu, au naifuta iwe si kitu?
3. Nani ana haki ya kusikia ninachokiona, na kwa nini bado sijamwambia?

Zoezi la wiki

Soma tena Marko 8:22–26. Kisha andika sentensi moja inayoanza na “Naona…” na nyingine inayoanza na “Bado sioni…” Zipeleke mbele ya Ekaristi Takatifu. Halafu zipeleke kwa mtu mmoja.

Sala

Bwana Yesu, uliyemshika kipofu mkono hata kabla hajaona, utushike na sisi tulio nje ya kijiji, katikati ya mguso wa kwanza na wa pili. Utupe ujasiri wa kukuambia kile tu tunachokiona. Uwabariki madaktari wanaotutafutia ukweli, na wote wanaosubiri zamu. Uwabariki mama zetu jikoni. Na siku utakapotufumbua macho, lolote tutakaloliona, tukukute upo mbele yetu. Amina.

Niombeeni mwezi wa saba. Nami nawaombea.